Intaneti ya hosteli inakwama kila jioni: nimwekee kila mwanafunzi kikomo?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninasimamia hosteli ya wanafunzi hapa Morogoro, vyumba 12, kila chumba watu wawili. Intaneti ni faiba ya Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) kupakua na Mbps 10 kupandisha, na gharama yake imo ndani ya kodi. Mchana iko vizuri, lakini kuanzia saa mbili usiku hakuna kinachofunguka, hata ujumbe wa WhatsApp unazunguka tu. Wanafunzi wanamtuhumu mwenzao mmoja kwamba anapakua filamu, wanataka nimfungie. Pia nina ruta ndogo ya laini ya simu kwa dharura, faiba ikikatika. Naiwekea bando la GB 40, na mara ya mwisho liliisha kabla ya jua kuzama. Fundi wangu anasema dawa ni kifurushi kikubwa zaidi. Je, nimwekee kila mtu kikomo? Kiwe cha kiasi gani?

Jibu: Dada yangu, nashukuru umeandika na namba zake, maana bila namba hapa tungekuwa tunapiga ramli. Ombi langu la kwanza ni kwamba usimfungie huyo kijana, na usinunue kifurushi kingine, mpaka umalize kusoma.

Una matatizo mawili yanayofanana sura. La faiba ni la kasi. La laini ya simu ni la kiasi. Fikiria simtanki lako la maji. Bomba likiwa jembamba, watu kumi wakifungua koki kwa pamoja kila mmoja anapata mchirizi, ingawa tanki limejaa mpaka juu. Hapo kilichokosekana ni kasi. Tanki likikauka mchana kwa sababu mtu mmoja amefua mablanketi, hapo kilichokosekana ni kiasi. Kwenye faiba, kama mkataba wako hauna kipengele cha kushusha kasi baada ya GB fulani, na hilo ulikague, filamu inayopakuliwa saa tisa usiku wenzake wakiwa wamelala haimpunguzii mtu chochote. Kwenye laini ya simu, kila MB aliyotumia mmoja imetoka kwenye bando la wote, iwe usiku au mchana. Kasi inatibiwa kwa kupanga foleni, kiasi kinatibiwa kwa mgao. Nimeona wengi wakifanya kinyume: wanaweka mgao kwenye faiba na kuiacha laini ya simu wazi.

Tuanze na jioni yako. Wanafunzi 24, tuseme kila mmoja ana simu na nusu yao wana laptopu, ni vifaa kama 36. Video ya YouTube ya 480p inataka takriban Mbps 1.1, ya 720p Mbps 2.5, ya 1080p Mbps 5. Kwa hiyo wanafunzi wanne tu wanaotazama 1080p wanaijaza Mbps 20 yako yote. Hapo fundi wako ana hoja. Lakini kujaa peke yake hakuelezi ule ujumbe wa WhatsApp unaozunguka. Ujumbe wa maneno matano ni kitu kidogo mno, hata laini iliyojaa ingepaswa kuupitisha kufumba na kufumbua. Kwa nini nao ukwame?

Unakwama kwa sababu ya foleni. Ruta uliyopewa na kampuni ya faiba ina kumbukumbu ambamo pakiti, yaani vipande vidogo vya data, husubiri zamu ya kutoka, na nyingi ya ruta hizi hupanga mstari mmoja tu: aliyetangulia ndiye wa kwanza. Simu ya mwanafunzi mmoja ikishika waifai jioni, ikaanza kupandisha picha mia tatu za mahafali kwenda Google Photos, pakiti zake zinaujaza mstari ule wote. Ujumbe wako mdogo ukija, unasimama nyuma yake, kama bodaboda iliyolazimishwa kupanga foleni nyuma ya malori pale mizani ya Mikese. Njia ipo na bodaboda haina mzigo, ila mbele yake kuna malori.

Tena upande wa kupandisha ukiziba, wa kupakua nao unadhoofika. Kifaa kinachopakua kitu hurudisha kila mara vijipakiti vya kuthibitisha kwamba mzigo umefika. Vijipakiti hivyo vikikwama kwenye foleni ya kutoka, seva ya mbali inadhani njia ni mbaya na inapunguza kasi. Ndiyo maana mimi naanza kukagua upande wa kupandisha, ambao kwenye malalamiko kama haya hautajwi kabisa. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni ambako mwenyewe alikuwa ameshapandisha kifurushi mara mbili na wageni bado wanalalamika. Nilipoangalia, upande wa kupakua ulikuwa karibu mtupu. Kamera sita za ulinzi zilikuwa zikipandisha video mtandaoni usiku na mchana, zimeziba mlango wa kutokea. Tulizipangia foleni yao, akarudi kwenye kifurushi cha mwanzo, na wageni wakanyamaza.

Jambo hili lina historia fupi, nayo inatia moyo. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, alikuwa akipandisha mafaili makubwa kutoka nyumbani kwake akaona intaneti yake yote inazimia. Alifuatilia akagundua kwamba watengenezaji walikuwa wakiongeza kumbukumbu ya kusubiria kwenye vifaa vyao wakidhani wanasaidia, kumbe wanarefusha foleni. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, mbinu ya kuipunguza foleni pakiti zikikaa muda mrefu kupita kiasi. Kutoka hapo zikazaliwa nyingine, na mwaka 2018 mbinu ya kupanga foleni iitwayo CAKE iliingizwa kwenye mfumo endeshi wa Linux, toleo la 4.19. Yote ni ya bure, na inafanya kazi kwenye ruta ndogo za bei ya kawaida. Ninasema haya ili ujue kwamba tatizo la hosteli yako ni ugonjwa unaojulikana na dawa yake ipo.

Kwanza hakikisha ndio huo. Chukua laptopu, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta ya faiba, usitumie waifai. Asubuhi wanafunzi wakiwa darasani, endesha amri ya ping, inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kuelekea 8.8.8.8 (seva ya Google) kwa dakika mbili, uandike zile milisekunde. Rudia saa tatu usiku. Kama asubuhi ni 30 na usiku inapanda hadi 400, 700 au 1,000, una foleni ndefu. Kwa mazungumzo ya sauti, watu huanza kukatizana ucheleweshaji ukipita milisekunde 150 kwa upande mmoja, kwa hiyo hata 400 inatosha kuharibu darasa la mtandaoni. Kama kwa waya ni shwari usiku wote lakini vyumbani ni matatizo, basi faiba haina kosa. Kosa liko kwenye hewa, na hilo nitaligusa chini.

Sasa dawa. Ruta za kampuni za faiba kwa kawaida hazina uwezo wa kupanga foleni hivi, hivyo unahitaji ruta yako mwenyewe ikae kati ya ile na wanafunzi. Kwa hosteli yako ningechukua ruta ya MikroTik hAP ac2 yenye RouterOS (programu inayoiendesha) toleo la 7, kwa sababu mafundi wa MikroTik wapo karibu kila mji Tanzania na Kenya na utapata wa kukusaidia. Ruta yoyote inayokubali OpenWrt, programu ya bure ya kuendesha ruta, nayo inafaa kwa upande wa foleni. Ukishaifunga, zima waifai ya ile ruta ya kampuni. Usilisahau hili. Nywila yake ya zamani wanafunzi wanayo vichwani, na atakayeingia kupitia huko anakwepa mpango wako wote.

Ndani ya MikroTik, fungua Queues, kisha Queue Types, utengeneze aina mbili za CAKE. Ya kupakua iwekee mgawanyo wa dual-dsthost, ya kupandisha iwekee dual-srchost, na zote mbili uwashe chaguo la nat. Maana yake ni kwamba ruta itaugawa mkondo kwanza kwa kifaa, halafu ndani ya kifaa kwa kila kinachoendelea. Baada ya hapo tengeneza Simple Queue, yaani kanuni ya foleni yenye kikomo cha kasi, moja tu kwa mtandao wote wa ndani, ambao kiwandani huja kama 192.168.88.0/24. Kikomo chake kiwe Mbps 9 kupandisha na Mbps 18 kupakua.

Utauliza kwa nini 18 wakati unalipia 20. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo mafundi wengi wanapokosea. Foleni hutokea mahali penye bomba jembamba kuliko yote. Ukiacha 20, pahali hapo ni ruta ya kampuni au mitambo yao, ambako wewe huna amri. Ukishuka hadi asilimia 90 ya kasi unayoipata kweli, bomba jembamba linahamia ndani ya ruta yako, na foleni unaipanga wewe. Unatoa Mbps 2 ili uwe msimamizi wa 18 zilizobaki. Pima kasi halisi kwanza. Kama ya kwako ikipimwa usiku ni 16 na si 20, basi asilimia 90 ni ya hiyo 16.

Kisha nenda kwenye IP, Firewall, utafute kanuni iitwayo FastTrack, uizime. MikroTik huja nayo imewashwa, na kazi yake ni kuzipitisha pakiti kwa njia ya mkato ili kupunguza kazi ya prosesa. Njia hiyo ya mkato inazipita foleni zako zote bila kuzigusa. Nimekutana na mafundi wazuri waliopanga foleni siku nzima, wakaona hakuna kilichobadilika, wakailaumu ruta, na kumbe ni kanuni hiyo moja. Kwa Mbps 20 ruta hiyo haitachoka bila FastTrack.

Ndipo nijibu swali lako la kikomo. Kwenye faiba, mimi nisingeweka kikomo cha mtu mmoja mmoja hata kidogo. Fanya hesabu: Mbps 18 ukizigawa sawasawa kwa watu 24, kila mmoja anapata 0.75. Haitoshi video ya 480p. Na saa saba usiku, mwanafunzi mmoja akiwa peke yake macho anaandika tasnifu, bado atafungwa kwenye 0.75 wakati 17 na ushei zinalala bure. Mgawanyo wa CAKE hubadilika kila wakati. Watano wakiwa kazini, kila mmoja ana nafasi ya 3.6. Wakiwa 12, kila mmoja 1.5. Akibaki mmoja, 18 zote ni zake. Yule anayetuhumiwa kupakua filamu atapata fungu lake na masalia ya wengine, basi. Hawezi tena kumsukuma mtu, hata akipakua filamu kumi kwa pamoja, kwa sababu mafaili yake kumi yanagawana fungu la kifaa kimoja. Humfungii na humwaibishi. Mwenye simu na laptopu, ni kweli, ana mafungu mawili, lakini ni nadra mtu mmoja kuvifanyisha kazi nzito vyote kwa wakati mmoja, na sidhani inafaa kugombana kwa hilo.

Laini ya simu ni habari nyingine kabisa. Huko kikomo ni lazima, na kiwe cha GB. Ondoa GB 4 kwa ajili yako na ofisi, 36 zinazobaki gawa kwa 24: kila mwanafunzi GB 1.5 kwa kila bando. Tengeneza mtandao wa pili wa waifai kwenye MikroTik ileile, uuite kwa mfano Akiba, wenye anwani zake, tuseme 192.168.89.0/24, na kanuni ya njia inayoupeleka kwenye laini ya simu tu. Ruta yako ya laini ya simu ichomekwe kwenye tundu la pili la MikroTik. Juu ya mtandao huo wa Akiba weka Hotspot, yaani ukurasa wa kuingilia kwa jina na nywila, mpe kila mwanafunzi jina lake na nywila yake, na kwenye kila jina weka Limit Bytes Total ya GB 1.5. Kwenye wasifu wao weka kasi ya Mbps 1 kupakua na nusu yake kupandisha, na Shared Users iwe 1, yaani jina moja kwa kifaa kimoja.

Mbps 1 inaonekana ndogo, najua. Lakini Mbps 1 ikitumika mfululizo ni MB 450 kwa saa (biti nane ni baiti moja), kwa hiyo GB 1.5 itamchukua saa tatu na dakika ishirini hata akiitumia bila kupumzika. Bila kikomo hicho, sasisho moja la laptopu linaweza kula fungu lake lote kabla hajafungua hata barua pepe yake. Bando lako la GB 40 sina shaka liliondoka hivyo: hakuna aliyekaa akapanga kulimaliza, vifaa 36 viliona waifai ile waliyoizoea, vikaendelea na masasisho na picha zao kama kawaida. Hapo ndipo unaona faida nyingine ya kuupa mtandao wa Akiba jina lake. Android na Windows zote humruhusu mtumiaji kuutia alama mtandao mmoja kwamba ni wa kuhesabiwa data. Ukiwaelekeza wanafunzi waitie alama Akiba mara moja tu, vifaa vyenyewe vitaahirisha sehemu kubwa ya masasisho na upandishaji wa picha mpaka faiba irudi.

Akiba iwe imezimwa siku zote, uiwashe mwenyewe faiba inapokatika. Ukiiacha hewani, jioni ya kwanza yenye foleni watahamia huko. Bando jipya likiingia, rudisha hesabu za majina yote kwenye sifuri kwa Reset Counters, ni kubofya mara moja.

Fundi anaweza kukushauri uweke vikomo kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao) ya kila simu badala ya majina. Mkatalie kwa upole. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya MAC ya bandia kwa kila mtandao, na mtumiaji anaweza kuibadilisha. Niliwahi kufunga mgao wa MAC mahali pamoja, na baada ya wiki mbili orodha ilikuwa na simu mara tatu ya watu waliomo. Wajanja walikuwa wanaanza upya kila wakimaliza. Jina na nywila ya mtu havigeuki namna hiyo.

Kuhusu hewa, kwa kifupi: kituo kimoja cha waifai pale mapokezi hakiwezi kuhudumia vyumba 12 vya matofali ya saruji. Simu iliyo mbali huongea polepole, na ikiongea polepole inashika hewa muda mrefu wenzake wakisubiri. Foleni nzuri ya ruta haiponyi hilo. Vuta waya hadi katikati ya korido, weka kituo cha pili, na vituo viwili vitumie chaneli tofauti, kwa mfano 1 na 11 kwenye masafa ya GHz 2.4.

Na tafadhali usianze kuchungulia nani anatembelea tovuti gani. Kwanza hutaona mengi, maana karibu tovuti zote leo husafiri kwa usimbaji. Utaona jina la mahali, si kilichomo. Pili, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kumbukumbu za nyendo za wapangaji wako ni taarifa binafsi. Ukishajua kwamba kila mmoja anapata fungu lake, huna haja ya kujua analitumiaje. Majirani wakisikia intaneti yako imenyooka wakaomba uwavutie waya kwa malipo, ujue hiyo tayari ni biashara ya mawasiliano, na leseni zake zinatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Wanafunzi waambie mapema, kwa karatasi ya ukurasa mmoja ukutani: faiba haina kikomo cha mtu, inagawanywa sawa kwa kila kifaa, Akiba ni GB 1.5 kwa kila jina. Picha zipandishwe baada ya saa sita usiku. Vijana wanavumilia upungufu wakiona mgao ni wa haki. Hasira inatoka kwenye kuhisi kuna mwenzao anayefaidi.

Kifurushi kikubwa bado kinaweza kuhitajika, ila utajua kwa ushahidi. Acha foleni ifanye kazi wiki mbili, halafu ufungue grafu ya ile Simple Queue. Ikionyesha kupakua kumegota 18 kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku, siku nyingi za wiki, na wanafunzi wanasema video zinashuka ubora ingawa ujumbe na madarasa yanakwenda vizuri, basi bomba lenyewe ni dogo na fundi wako atakuwa sahihi. Nenda Mbps 40, usisahau kurekebisha kikomo kiwe asilimia 90 ya hiyo mpya. Ikionyesha vilele vifupi tu, hela hiyo iweke kwenye kituo cha pili cha waifai.

Leo usiku saa tatu fanya ile ping kwa waya, kesho asubuhi urudie, uniandikie namba zote mbili pamoja na aina ya ruta ya kampuni iliyoandikwa chini yake. Nitakwambia kama kuna haja ya kutoa hata senti.